Kulifungua Tuta la Baba

Kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani na kabla mvua hazijaanza kutishia, watu walikuja kwetu Singe na majembe, sururu na makarai kulitengeneza tuta la Baba. Hakuna aliyewaita kwa barua wala kwa kipaza sauti. Wiki moja kabla, Baba alivaa koti lake la kanisani, akapita nyumba kwa nyumba, akanywa chai kila alipokaribishwa hata kama alishashiba, na siku ilipofika walikuja. Kazi ya namna hiyo, ya majirani kukusanyika na kuifanya pamoja bila malipo, tunaiita msaragambo. Mama alipika makande kwenye sufuria la kuazima. Baba alisimama juu ya tuta na fimbo mkononi, akionyesha palipobomoka, na watu wazima, wengine wamemzidi umri, walimuuliza: "Hapa tuweke mawe au udongo?" Naye aliugusagusa udongo kwa fimbo kabla ya kujibu, kama mtu anayeonja mboga.

Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yake kubwa kuliko Krismasi. Alikuwa amestaafu kazi ya kutunza ghala la mazao, na siku nyingine zote za mwaka hakuna aliyemuuliza chochote, isipokuwa kama ameona mbuzi kapita. Siku ya tuta aliulizwa kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Usiku wake alilala mapema akikoroma kama aliyebeba udongo wote peke yake.

Tuta lenyewe lilikuwa na historia yake. Ziwa Babati hupanda na kushuka. Masika yakiwa mazuri linavimba na kuingia mashambani, kiangazi kikikolea linarudi nyuma na kuacha tope jeusi na majani mabichi. Mkono mmoja wa ziwa ulikuwa ukiingia hadi chini ya shamba letu. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, kabla sijaanza shule, maji yalifika jikoni. Mama husimulia jinsi kuku walivyolala juu ya kabati la vyombo wakimtazama kwa dharau. Baada ya hapo Baba aliwakusanya majirani, wakauziba mdomo wa ule mkono kwa mawe na udongo, kutoka kilima hiki hadi kile. Maji ya ziwa hayakuingia tena, na watu wakaanza kusema "tuta la mzee" hata Baba alipokuwa bado si mzee.

Lakini yaliyokuwa ndani nayo hayakutoka. Yale ya mvua na ya kijito chetu yalijikusanya nyuma ya tuta na kukaa hapo mwaka mzima, hayapandi wala hayashuki, mpaka yakawa bwawa la kijani lenye magugu yaliyoshikana kama mkeka. Perege walikwisha. Wakabaki kambale, ambao wanaweza kuishi hata kwenye matope, na vyura, na mbu. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kunawa pale. Hakuna aliyeona ajabu. Nyumba ilikuwa kavu, na kila mwaka tuta lilitengenezwa.

Mimi nilizaliwa na maswali. Nilimuuliza katekista kwa nini tunaombea mvua ije halafu tunaombea iishe, akaniambia nikae mstari wa nyuma. Nilimuuliza Mama kwa nini wageni hupewa paja la kuku hata wasipolitaka. Baba pekee ndiye hakunichoka. Nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo huniita "mama" tangu nikiwa mtoto mchanga, na nadhani ilikuwa vigumu kumfokea mtu anayemwita mama.

Nilipokwenda chuo Dar es Salaam kusomea usanifu wa mandhari, nyumbani walielewa kwamba nitapanda maua hotelini. Mwezi wa kwanza wenzangu walinipeleka ufukweni nikaone bahari. Tulifika maji yamekupwa. Mchanga mtupu mpaka mbali, watu wanatembea mahali nilipodhani pangekuwa na kina. Niliwahi kusoma habari za kupwa na kujaa na kuzijibu kwenye mtihani, lakini nilisimama pale nikiamini kabisa kwamba kuna kitu kimeharibika. Nikampigia Baba.

"Baba, bahari imepungua."

"Nani kaichukua?"

"Wanasema itarudi baadaye."

"Basi isubiri. Umekula?"

Nilisubiri. Ikarudi taratibu, bila kelele, ikafunika kila kitu tulichokuwa tumekikanyaga. Wenzangu walikuwa wanakula mihogo, hawatazami hata kidogo.

Katika darasa moja, mwaka wa tatu, mhadhiri alituonyesha picha za nchi ya mbali ambako watu walijenga ukuta kuizuia bahari. Nyuma ya ukuta likabaki ziwa tulivu na salama. Miaka ikapita, maji ya chini yakakosa hewa, samaki wakapungua, na kingo zikaliwa kwa sababu mawimbi yaligonga mstari uleule kila siku. Baadaye wasanifu wakaitwa walirudishie ziwa lile kupwa na kujaa kwake. Wakafungua matundu ukutani, wakazilaza kingo ziwe na mteremko mpole, wakaacha ardhi nyingine izame na kuibuka kama zamani. Darasa zima lilikuwa linanakili. Mimi nilikuwa naona bwawa letu.

Nikanyoosha mkono. "Waliojenga ukuta walikuwa bado hai?"

Mhadhiri hakunielewa. "Ukuta ulijengwa na serikali," alisema.

Nikakaa. Swali lilikuwa zuri, ila mtu wa kuulizwa alikuwa Singe ananoa jembe.

Nilimaliza chuo, nikapata kazi za hapa na pale Arusha, na kati ya kazi moja na nyingine nikawa narudi nyumbani. Mara ya kwanza kulisema jambo la tuta nilimkuta Baba nje, jiwe la kunolea liko gotini.

"Baba, kwa nini tusilifungue tuta?"

"Kwa sababu nililifunga."

"Hiyo si sababu."

"Nyumba hii ina maji ndani?"

"Haina."

"Basi."

"Nyumba haina maji," Mama alisema kutoka jikoni, "ina mbu."

Baba akaendelea kunoa. Nilimweleza kwamba sitaki maji yaingie ndani, nataka yaje mpaka mahali fulani halafu yarudi. Kwamba tunaweza kuchimba kingo za bwawa zilale, matete yakae chini, nyasi zifuate, na juu yake bustani ambazo Mama angekuwa anazishusha kiangazi kadiri maji yanavyorudi nyuma, akipanda mchicha na maboga kwenye ardhi yenye rutuba ya bure. Alisikiliza vizuri sana. Mwisho akaniuliza kama Arusha kuna baridi siku hizi.

Nikaona maneno hayatoshi, afadhali aone kwa macho. Nikaazima mpira wa levo kwa fundi ujenzi, ule mpira mwembamba unaojazwa maji kupimia usawa. Mimi na Mama tukauburuta siku nzima kuzunguka bwawa, na kila mahali ambapo maji ya ziwa yangefika nikapiga kigingi na kukipaka rangi nyeupe ili kionekane hadi barazani. Nilifurahi sana. Mstari ulipinda vizuri, ukiacha nyumba yetu juu kabisa, na Baba aliutazama jioni ile hadi giza likaingia.

Nilisahau jambo moja, na mpaka leo sijui nililisahauje, maana nimekulia hapahapa. Kwetu, mji unaokua kila siku, kigingi cheupe kina maana moja tu. Ni bikoni. Viwanja vimepimwa.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na miche ya minyaa imepandwa kufuata vigingi vyangu, imenyooka kama iliyopangwa na mwanajeshi. Mbele kidogo kulikuwa na rundo la matofali. Mtu mwingine alishafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi na kuweka jiwe katikati, alama kwamba pana mwenyewe. Kabla sijamaliza kunawa uso, mama mmoja wa kwaya ya Walutheri, jirani yetu wa miaka yote, alikuwa amesimama uani, kitenge amekikaza kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Sikai. Mzee, tumeimba misiba pamoja. Mama yako nilimwimbia mimi. Leo unatoa viwanja, nakuja kusikia kwa watu wa Mutuka huko mbali?"

"Viwanja gani?"

"Hivi vyenye bikoni."

"Hayo ni maji," Baba alisema.

Mama wa kwaya akageuka kulitazama bonde. "Maji yako wapi?"

"Yatakuja."

"Nani kakwambia?"

Baba akanyoosha kidole kwangu. Yule mama alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Haya. Kama ni hivyo, mimi nipe cha huku juu, yasikofika."

Nyuma yake alikuja jirani mwenye duka la vipuri vya pikipiki, mtu wa kuja kutoka Singida, mwenye mdomo usiolala. Matofali yalikuwa yake. "Mimi siyatoi, mzee. Maji yakija yatayakuta." Akanigeukia. "Na wewe mtaalamu, ukifungua huko, kiboko naye atabisha hodi au ataingia tu?"

"Viboko wanapita juu ya tuta tangu zamani," nikasema. "Nyayo zao ziko pale."

"Sasa wanapanda kwa taabu. Wewe unataka kuwajengea barabara."

Walikuja siku nzima. Wengine walikuja na hasira kwamba Baba anauza bonde la wote kimyakimya, wengine walikuja na matumaini ya kupata kipande. Niliona aibu, nikataka kwenda kuving'oa vigingi vyote. Lakini Baba alichukua fimbo yake, akashuka bwawani, na kila aliyefika alimtembeza kwenye mstari. Hapa ndipo maji yatakapofika masika. Pale yatarudi kiangazi. Hapa matete. Pale maboga ya mama watoto. Alilieleza jambo langu mara nyingi kiasi kwamba kufikia mchana alikuwa analieleza vizuri kuliko mimi, na kufikia alasiri nilimsikia akimkatalia mtu aliyelipinga.

Alirudi jioni sauti imekauka. Alikula ugali wote na kuomba mwingine.

"Wamekuja hata wa Mutuka," alisema. "Mutuka, mama!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kwamba tuta lisifunguliwe. Minyaa iling'olewa, matofali yakaondoka polepole, na watu wa mazingira wa mji walikuja, wakapima, wakauliza maswali, wakaturuhusu. Mimi nikachora. Nilichora kalavati la zege chini ya tuta, pana, imara, ambalo maji yangepita yenyewe kwenda na kurudi bila mtu kuyagusa. Nilijivunia mchoro ule. Niliuweka mezani baada ya chakula, nikaubana kona kwa vikombe.

"Likishajengwa, imetoka," nikamwambia Baba. "Halitaki matengenezo."

"Na tuta?"

"Litakaa. Likimomonyoka kidogo si neno. Ndiyo nia yenyewe, udongo urudi bondeni."

Baba aliuangalia mchoro kwa muda mrefu, akafuata mstari wa kalavati kwa kidole, upande huu, upande ule.

"Kwa hiyo watu hawatakuja," alisema.

Hakuuliza. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba wanaweza kuja siku yoyote kunywa chai, nikakumbuka ni nani huwa anakuja kwetu siku yoyote kunywa chai: hakuna. Mama alianza kukusanya vikombe, mchoro ukajikunja wenyewe. Nilijiona mtu aliyeuliza maswali miaka yote bila kuliuliza hilo moja. Nilidhani Baba analinda udongo. Alikuwa analinda siku yake, ile moja ambayo watu humtazama usoni na kumuuliza afanyeje.

Nilibaki Singe majuma kadhaa zaidi ya nilivyokusudia. Nikafuta kalavati. Mahali pake nikachora mwanya kwenye tuta, kuta zake za mawe, na ndani ya kuta mifereji miwili ya kusimama ambamo mbao zingechomekwa moja juu ya nyingine. Mvua kubwa zikikaribia, mbao zinashushwa ili ziwa liingie kwa adabu. Kiangazi zinatolewa ili bwawa lijimwage na kupumua. Kushusha na kutoa, kila msimu, na kati ya misimu kuangalia. Mbao ningeweza kuzichora nyepesi, mtu mmoja akaziinua. Sikuzichora nyepesi.

Najua mwalimu wangu yeyote angeuliza nini. Nani atazitoa siku mzee asipokuwepo? Nimejiuliza sana, na sina jibu la kuandika kwenye mtihani. Nilimuuliza jirani wa vipuri, kwa kuwa yeye hana aibu ya kusema. Akafikiri, kisha akasema, "Tutagombana kidogo, halafu tutazitoa." Inawezekana. Inawezekana pia zikaoza. Kalavati la zege nalo huziba likikosa wa kulizibua, ingawa ni kweli linachukua muda mrefu zaidi kabla ya kukuumbua.

Tulilikata tuta kiangazi. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Baba alipewa sururu apige wa kwanza, akakataa, akampa Mama, maana jiko lililoingia maji lilikuwa lake. Mama alijifunga kanga vizuri, akapiga pigo moja.

"Hili ni la mbu," alisema, akarudi kwenye makande yake.

Maji ya bwawa yalipoanza kutoka yalinuka hadi mama wa kwaya akajifunika pua kwa kitenge chote. Yalikuwa meusi, mazito, yakibubujika kwenda ziwani kama yaliyochoka kukaa. Halafu mtu akapiga kelele kwamba kuna kambale. Kazi ikasimama pale pale. Wazee, wanakwaya, mafundi, kila mtu aliruka topeni, wengine na viatu, wakikimbizana na samaki kwa mikono na makarai. Jirani wa vipuri alianguka mara mbili na kusimama na samaki mara zote mbili. Makande yalipoa. Baba alisimama juu akiwafokea warudi kazini, anacheka mpaka fimbo inatikisika.

Miezi iliyofuata bonde lilikuwa baya kuliangalia, tope lililopasuka na magugu yaliyokufa. Wengi waliniuliza kama hiyo ndiyo mandhari niliyoisomea. Tulilaza kingo kwa majembe, tukapanda matete chini na nyasi juu. Nilianza kuogopa. Kusoma kwamba maji yatarudi ni jambo moja. Kukaa barazani na baba yako mkitazama shimo ambalo ulimshawishi alichimbe ni jambo lingine.

Masika yalipokolea, ziwa lilikuja. Halikuja kwa kishindo cha ule mwaka wa kuku. Asubuhi moja nyasi za chini zilikuwa zinang'aa, kesho yake zilikuwa zimesimama ndani ya maji, na nyange weupe walikuwa wanatembea katikati yake wakichokora. Vifaranga vya perege viliingia kwa makundi. Nyayo za kiboko zilionekana mara moja kwenye mteremko, zikaja, zikazunguka, zikarudi. Mama wa kwaya, ambaye alipanda maboga chini ya kigingi baada ya kuambiwa asipande, alikuja kulalamika kwamba maji yamemwibia, akaondoka na mchicha wa Mama mkononi.

Mvua hazikukata. Ziwa lilizidi kupanda, na siku ya kushusha mbao ikafika. Nilikuwa nyumbani, mkoba nimeshaufunga kwa safari ya Arusha kesho yake asubuhi. Walikuja na makoti ya mvua, na mifuko ya saruji wameivaa vichwani kama kofia. Wakazibeba mbao kutoka bandani wanne wanne, wakilaumu aliyezichagua. Ubao wa kwanza ukashuka, wa pili ukafuata, maji yakapunguza kasi na kuanza kupita juu yake kwa utulivu.

"Wa tatu," nikasema. Kwa hesabu zangu, mbao tatu zilitosha kwa msimu mzima, tukawa tumemaliza.

Baba alitazama maji, akatazama watu, akatazama mawingu juu ya milima. "Tuweke mbili kwanza," alisema. "Kesho mje tuangalie tena."

"Ah, mzee!" jirani wa vipuri alilalamika. "Weka wa tatu leo tumalize. Tumeshalowa."

"Kesho," Baba alisema.

Hakuna kilichokuwa kimebaki cha kuangalia. Nilijua mimi, na nadhani jirani alijua pia, maana alimtazama Baba, kisha akanitazama mimi, akafuta uso.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Mkishakunywa chai. Au njooni mnywee hapa."

Wakakubaliana, wakaanza kupanda kuelekea nyumbani wakipiga soga. Baba alibaki anaugusa ubao wa juu kwa fimbo kuona kama umekaa.

"Unaondoka kesho, mama?"

"Na basi la asubuhi."

"Ubao wa tatu ni mzito," alisema.

Nikamwambia nitaondoka keshokutwa.